Waliojua Kutazama Chini

Mangapwani si shamba la mvivu. Ukishaiacha barabara ya Bumbwini ukakamata njia ya pwani, kinongo kinakwisha na maweni yanaanza: jiwe juu, jiwe chini, na udongo kidogo uliokimbilia mashimoni. Anayepanda muhogo huku hutafuta shimo kwanza, mbegu baadaye. Ndiyo maana watu wa pande hizi walijifunza mawe tangu zamani. Waliyavunja, wakayachoma chokaa, wakayapakia kwenye gari la ng'ombe yakenda Mjini kujengea majumba ambayo leo wageni wanapanga foleni kuyapiga picha.

Nilikwenda huko kutafuta chokaa ya kuchoma. Fundi aliyekuwa akitutengenezea ukuta wa nyumba ya ukoo alikuwa ameapa kwamba saruji haitagusa kazi yake, kwa sababu saruji huufungia ukuta wa zamani unyevu ndani na mwisho wake ni kuubomoa. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, maana hakuniruhusu wala sikumuomba. Nilimkuta chini ya mwembe, kakalia gunia, nyundo ya mpini mfupi mkononi, rundo la mawe mbele yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, ila usinizibie jua."

Nilidhani ananitania, mtu aliyejikalia kivulini kudai jua. Kumbe alilolitaka ni lile la alasiri, linalopenya chini ya matawi na kulipiga jiwe ubavuni. Kila jiwe alilichukua, akalifuta kwa kiganja, akaligeuza kwenye mwanga ule, akaligonga mara moja na kusikiliza. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hunyamaza, na hilo alilipasua kwa kufuata ufa wake, pigo moja tu, bila kumwaga nguvu ovyo. Sikuona jiwe hata moja likipigwa kabla ya kutazamwa.

Lakini kilichonishika zaidi ni mawe aliyoyaweka kando. Nyuma yake, kwenye mzizi wa mwembe, palikuwa na safu: kombe kubwa lililogeuka jiwe na mistari yake yote, kipande cha tumbawe chenye nyota zake, konokono wa baharini aliyebaki umbo tupu. Nikamuuliza mbona haya hayaendi tanuuni.

"Hayo yana wenyewe," akasema bila kuinua macho. "Mimi nachoma jiwe. Nyumba ya mtu siichomi."

Ningeweza kumjibu kwamba jiwe lote la Mangapwani ni nyumba ya mtu. Matumbawe mengi ya kingo za pwani yetu ya Afrika Mashariki yalikuwa hai wakati bahari imesimama juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha maji yakarudi nyuma na kuyaacha yafe na kukauka. Sikumwambia. Alikwisha kulijua hilo kwa mkono wake kabla mimi sijalisoma kitabuni, na yeye alikuwa amejiwekea sheria juu yake. Mimi sina sheria yoyote.

Tukisoma habari za binadamu wa kale tunapewa mamilioni ya miaka, majina ya Kilatini, na picha ya profesa kashika fuvu. Anayesahauliwa ni mwenye jicho. Kila mfupa uliomo kabatini leo, Nairobi, Dar es Salaam au Addis Ababa, ulianza kwa mtu aliyeinama juani akasema: hili si jiwe. Na mtu huyo, mara nyingi kuliko tunavyofundishwa, alikuwa mwanakijiji wa Afrika Mashariki ambaye skuli hakukaa sana.

Kamoya Kimeu ndiye mkubwa wao. Alikuwa Mkamba, aliyeingia kazi hii mwaka 1960 huko Olduvai chini ya watafiti Louis na Mary Leakey, wakati ambapo kwao kugusa mifupa ya wafu kulikuwa mwiko. Alikwenda hivyo hivyo. Mwaka 1964, Peninj, karibu na Ziwa Natron, yeye ndiye aliyeliona taya la kiumbe wa jamii ile ya meno makubwa tutakayoitaja mbele. Na Agosti 1984, Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, ilikuwa siku ya mapumziko kambini. Wengine wamelala, wengine wanafua. Kamoya akatoka kutembea, akavuka mto mkavu, akapanda kijilima kilichojaa kokoto nyeusi za mawe ya volkano. Humo katika weusi huo akaona kipande cheusi, kikubwa sawa na kiberiti. Rangi ni ile ile ya kokoto. Ukubwa ni ule ule. Tofauti ilikuwa mkunjo mdogo, na namna upande wa ndani ulivyokuwa.

Kilikuwa kipande cha fuvu. Walipochimba na kuchekecha wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mvulana mmoja aliyekufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mifupa kamili kuliko yoyote ya umri ule iliyokwisha kuonekana. Kutokana na kijana huyo tukajua kwamba mwili wa kutembea masafa marefu, wenye miguu mirefu, ulikwisha kuwa tayari zamani sana, wakati ubongo bado mdogo kuliko wetu. Kanzu ya kijana wa leo ingemkaa. Kofia isingemkaa. Mambo haya sasa yamo katika vitabu vya dunia nzima, na yote yalianza kwa mtu ambaye siku ya mapumziko hakuweza kuyafunga macho yake.

Mwaka 1985 Kamoya alipewa Washington nishani ya John Oliver La Gorce ya National Geographic Society, akaipokea mkononi mwa Rais Reagan. Alifariki mwaka 2022. Ukitaka kujua tunavyothamini, ingia skuli yoyote ya Unguja uulize. Watoto watakutajia washambuliaji wote wa timu za Uingereza pamoja na bei zao. Kamoya hawamjui, wala Bernard Ngeneo, aliyeona mwaka 1972 huko Koobi Fora vipande vya fuvu mashuhuri namba 1470, zaidi ya vipande 150 vilivyounganishwa kimoja kimoja. Wala Peter Nzube, wala Heselon Mukiri aliyetangulia wote hao. Siwalaumu watoto. Mtu hujua anachotajiwa.

Ni kazi gani hii? Bibi yangu alikuwa akichagua mchele juu ya ungo huku akizungumza na jirani, kichwa kakigeuzia kwingine kabisa, na vidole vyake vinatoa mawe. Nilipokuwa mdogo nilidhani anayatafuta. Hakuwa akiyatafuta. Aliujua mchele kiasi kwamba kisicho mchele kilijitokeza chenyewe. Watafutaji wa mifupa ya kale ndivyo walivyo. Wanaijua ardhi ya mahali, kokoto zake, rangi zake, namna inavyopasuka kiangazi, mpaka kitu kigeni kikiwemo kinawachoma macho. Elimu hiyo haiandikiki. Kijana anamfuata mkubwa nyuma, hatua kwa hatua, mikono mgongoni, na kila akiokota kokoto kwa kudhani ni jino anachekwa, mpaka siku asipochekwa.

Wana adabu zao pia. Hutembea asubuhi na alasiri, kwa sababu jua la utosini linaua vivuli na bila kivuli ardhi yote ni bapa. Hurudia mahali pale pale baada ya mvua, kwa kuwa mvua hufukua zaidi ya sururu. Kitu kikitia shaka hukigusisha ulimi: mfupa wa kale una vitundu vidogo vinavyonyonya mate, ukanata, na jiwe halinati. Nimewaona wasomi wakicheka wakisikia habari ya ulimi. Wacheke tu. Hakuna chombo chepesi kuliko hicho cha kubeba porini.

Na fundi wa kweli haokoti. Akiona, anasimama, anapanga mawe matatu kuwa alama, anaita wenzake. Mfupa ulioondolewa mahali pake umepoteza nusu ya maneno yake. Umri wa mifupa hii unajulikana kwa majivu ya volkano yaliyoifunika au kuitangulia. Ndivyo ilivyokuwa Olduvai, ambako mwaka 1961 majivu yalipimwa kwa potasiamu na gesi ya agoni, yakatoa miaka milioni 1.75, na dunia ikashtuka kwa sababu wengi walikuwa wakidhani binadamu na jamaa zake hawana hata nusu ya umri huo. Aliyeuokota mfupa akautia mfukoni amebaki na pambo.

Lakini kama ningeambiwa nichague kazi moja ya mikono katika taaluma yote hii nikaipambe kwa sifa, nisingekwenda Olduvai wala Turkana. Ningekwenda Kilifi, nchi ya maweni na mapango mfano wa huku kwetu.

Pale pana pango liitwalo Panga ya Saidi, ambalo Wamijikenda wanaliheshimu hadi leo. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka Ujerumani walianza kulichimba mwaka 2010. Kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya sasa walikuta udongo umebadilika. Ni hivyo tu. Hapakuwa na fuvu la kung'aa wala shanga. Palikuwa na doa la udongo tofauti, umbo la shimo lililochimbwa na kufukiwa, na ndani yake mifupa iliyooza kiasi cha kuwa unga ukiigusa. Mtu mwenye koleo na siku moja ya kazi angelimaliza doa lile kabla ya chai ya saa nne, na udongo ungemwagwa nje, na sisi tusingejua kamwe kwamba tumekosa kitu.

Waliacha kuchimba. Wakauzunguka udongo wenyewe, wakaufunga kwa plasta, wakaunyanyua mzima kama ulivyo. Ukapelekwa Nairobi, ambako meno mawili matatu yalianza kusema kwamba huyu ni mtu. Kisha ukapelekwa Burgos, Hispania, wakaufungua kwa zana ndogo, punje kwa punje, miezi mingi, huku wakiupiga picha za mionzi ili waone ndani kabla mkono haujafika. Aliyetoka humo ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wamempa jina la Kiswahili, Mtoto, na sidhani kama wangepata bora zaidi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na hadi hapo hapakuwa panajulikana kaburi la binadamu kama sisi, Afrika nzima, la zamani kuliko lake.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilikaa namna ya mwili uliobanwa, na hapo wakafahamu kwamba alikuwa amefungwa katika kitu, majani mapana au ngozi. Na kichwa kiliwekewa mto.

Mto huo ndio uliosababisha niandike insha hii. Haukuwepo. Ulioza maelfu na maelfu ya miaka iliyopita, haukuacha hata uzi. Kilichobaki ni kwamba kichwa pamoja na mifupa ya juu ya shingo vilikuwa vimeinama kwa namna ambayo haiwezekani kama kichwa kililala juu ya udongo tangu mwanzo. Kitu kilikuwa chini yake, kikaoza, kichwa kikashuka kuifuata nafasi. Walisoma kisichokuwepo. Ili mtu aweze kufanya hivyo ni lazima asiwe amekisogeza hata kidogo kile kilichopo, na asiwe na haraka ya kwenda nyumbani, na awe anaamini kwamba upande ambao shingo ya mtoto imelala ni jambo lenye maana. Sijui ustadi wa mkono uliopita huo.

Msomaji wangu wa Unguja ameshafika mahali nilipofika mimi. Sisi maiti wetu tunamlaza ubavu wa kulia. Tunamvisha sanda. Tunamchimbia mwanandani ili udongo usimwangukie. Sidai kwamba watu wale wa Kilifi walikuwa na dini yetu, na wala siufanyi upande wa kulia kuwa hoja, maana maiti ana pande mbili tu za kulazwa. Ninachosema ni kwamba mama fulani, au baba, au nyanya, aliona kwamba kichwa cha mtoto kisigonge ardhi. Hilo halihitaji kufasiriwa na msomi.

Najua pia kwamba maneno ya mabadiliko ya binadamu hayapiti kirahisi barazani. Nimewahi kuona kahawa ikipoa kwa ubishi huo, mmoja kashika habari za Nabii Adamu, mwingine kashika gazeti, na muuza kahawa anaomba amani kwa sababu vikombe ni vyake. Mimi siingii. Mifupa ipo, imepimwa na kupimwa tena, na inaonyesha kwamba viumbe waliosimama kwa miguu miwili walitembea nchi hizi muda mrefu kabla ya watu wenye sura zetu, na kwamba sura hizi zilikuja taratibu, si kwa siku moja. Mwenye imani ana mahali pa kuliweka hilo kama vile alivyopata mahali pa kuweka ukubwa wa mbingu. Asiyeniridhisha ni yule anayekataa kutazama.

Kwani habari hizi zina sehemu yetu hata kwa jina. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa akitembea Olduvai, mumewe kabaki kambini na homa, akaona mfupa unachungulia mtelemkoni na juu yake meno mawili makubwa. Fuvu lilipounganishwa likaitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinji, jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliliita pwani hii yetu. Kiumbe yule wa bara, mwenye magego mapana ya kutafunia vyakula vigumu na mfupa uliosimama utosini kushikilia misuli ya taya, amepewa nisba ya watu wa pwani. Fuvu lenyewe lilirudishwa Tanzania mwaka 1965 na limo katika Makumbusho ya Taifa. Wanasayansi wamekwisha kumhamisha ukoo, siku hizi wanamwita Paranthropus, lakini wazee wa Dar es Salaam bado wanamwita Zinji na wana haki.

Sasa nije kwenye chekeche, chombo kinachodharauliwa kuliko vyote.

Laetoli, kusini ya Olduvai, kuna nyayo za miaka milioni 3.66. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wa miguu miwili wakapita, majivu yakaganda. Mwaka 1978 mwanasayansi Paul Abell aliona alama ya kisigino, na Ndibo Mbuika, mmoja wa mafundi wa Mary Leakey, akafukua akakuta nyayo zilizo wazi, kubwa na ndogo. Zikafuatwa mita 27 hivi, kiasi cha nyayo 70. Zilitufundisha jambo kubwa kwa njia nyepesi: miguu ilitangulia akili. Kidole gumba cha mguu kimekaa pamoja na wenzake, kisigino kimeshuka kwanza, mwendo ni wa mtu anayekwenda zake, na ubongo wa viumbe wa zama zile haukuzidi sana wa sokwe.

Kazi ilipokwisha mwaka 1979, nyayo zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua na ng'ombe. Uamuzi mzuri. Lakini mchanga uliotumika kufukia ulikuwa na mbegu za migunga ndani yake, na haukuchekechwa ukaisha. Mbegu zikaota. Migunga ikapanda juu kuliko mtu, mizizi ikashuka kuelekea nyayo ambazo zilikuwa zimevumilia miaka milioni tatu na zaidi bila ya msaada wetu. Ilibidi miaka ya 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani waje kuiua miti, kuitoa mizizi mmoja mmoja, kisha kufukia upya kwa mchanga safi na vitambaa maalumu. Laiboni wa Wamaasai aliitwa, kondoo akachinjwa, mahali pakaombewa. Mimi naona walifanya vyema. Na naona pia kwamba gharama yote ile, wataalamu wote wale na ndege zao, ilizaliwa na kazi ya chekeche ambayo mtu fulani aliona haina maana.

Na Unguja? Watu hudhani kisiwa hiki kinaanza na Washirazi, au na Mreno, kila mtu na mwanzo wake. Nendeni Jambiani mkaulizie pango la Kuumbi. Profesa Felix Chami alilichimba mwaka 2005, na timu nyingine ikafuata mwaka 2012. Watu walikuwa wakilitumia pango lile tangu miaka 20,000 hivi iliyopita. Walichonga vyembe vya mifupa vya mishale, vyembamba kiasi kwamba waliovichunguza wanadhani vilitiwa sumu, kwa kuwa uzito wake peke yake usingeua mnyama mkubwa. Na katika takataka zao za chakula imo mifupa ya nyati na punda milia.

Punda milia, Unguja. Simama ufukweni Mangapwani utazame magharibi, upande wa Saadani. Bahari ilikuwa chini kwa mita 100 na zaidi zama zile za baridi kali, na mkondo huu unaovukwa na majahazi ulikuwa nchi kavu, mbuga, na wanyama walipita kwa miguu na watu wakawafuata. Kisha barafu za dunia zikayeyuka, maji yakapanda, tukabaki kisiwani sisi na paa na chui wetu, na wanyama wakubwa wakatoweka mmoja mmoja. Tunayajua haya kwa sababu mtu alikaa mlangoni mwa pango na chekeche, akatoa vipande vidogo kuliko ukucha, akatia kila kimoja kwenye mfuko wenye namba. Mawe ya chokaa yalisaidia. Udongo wenye asidi hula mfupa, chokaa huuhifadhi. Maweni yale yale yanayomnyima mkulima muhogo ndiyo yaliyotutunzia punda milia.

Mangapwani kwenyewe watu huja kwa mapango mawili. Moja ni la asili, lenye maji ndani, ambalo wenyeji waliyachota vizazi kwa vizazi. Jingine lilichongwa kwa mkono: vyumba viwili ardhini na ngazi za kushukia, vinavyohusishwa na mfanyabiashara Mohamed bin Nassor, vilivyotumika kuficha watumwa baada ya Sultani Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko lao. Kuta zake ni za mchonga mawe aliyejua kazi yake. Nalisema hili kwa sababu mtu anayesifia ufundi hujisahau akadhani mkono hodari haukosei. Mkono hodari ulichonga pale pia.

Nilichokuja kukilalamikia ni kingine. Zamani jiwe lilipita mikononi mwa mtu. Mchimba kisima aliliona, mvunja kokoto aliliona, mchoma chokaa aliliona, na hata aliyechimba kaburi alijua udongo wa mahali pale ukoje tabaka kwa tabaka. Sasa kijiko kinazamisha meno asubuhi, na kufika adhuhuri pamekuwa shimo ambalo ungeingiza msikiti. Mchanga wa Unguja unakwisha kwa namna hiyo, na mawe yanasagwa na mashine kabla hayajapata hata mtu mmoja wa kuyageuza. Hakuna anayejua kilichopita. Nikisema hivi naambiwa kwamba nchi inajengwa, na kweli inajengwa. Wala sina uchungu na nyumba za watu.

Mangapwani imekuwa ikitajwa kwa bandari kubwa mpya. Bandari ni riziki, vijana wetu wanataka kazi. Lakini bandari haijengwi bila kuihamisha ardhi, na ardhi hii ni ya mapango na matumbawe, aina ile ile iliyotunza Kuumbi na Panga ya Saidi. Kinachohitajika ni watu wachache waliofundishwa kutazama, wasimame pale kijiko kinapomwaga, wawe na chekeche na wawe na idhini ya kusema simama. Mshahara wao sidhani kama ungefikia dizeli ya mashine. Wa kuwafundisha wapo Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, wapo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki waliongoza kazi iliyoonyesha nyayo mpya za Laetoli mwaka 2015, kwa sababu kabla ya kujengwa jumba la makumbusho pale waliamua kwanza kupachimba kwa mkono. Nyayo zilikuwemo chini ya mahali palipokusudiwa kujengwa.

Nikirudi Mjini na magunia yangu ya chokaa nilisimama kwenye shimo moja la mchanga, pembeni ya njia. Vijana walikuwa wakipakia. Nikamuuliza aliyekuwa karibu, baada ya salamu, kama huwa wanaona makombe ya kale humo, au mifupa.

"Huwa tunayaona, kaka," akanijibu, "lakini gari inasubiri."